Kima si nyama ya kusaga: uchambuzi wa kisa cha stesheni iliyovamiwa na simba

Safiri kwa gari kutoka Mombasa ukiwa na mtu anayeijua ile barabara. Mkishaipita Sultan Hamud atakuonyesha upande wa reli na kukuuliza kama unajua kwa nini pale panaitwa Kima. Ukisema hujui, umempa kazi ya nusu saa. Atakuambia palikuwa na Mzungu wa reli aliyeingiliwa na simba usiku ndani ya behewa, na kulipokucha kilichobaki kilikuwa kima, nyama iliyosagwa kama ya kutia kwenye sambusa. Wahindi wa reli wakapaita Kima, jina likaganda.

Mimi mwenyewe nimekisimulia kisa hiki hivyo kwa miaka, na kila nilipofika kwenye sambusa watu walicheka. Nilipokaa chini kukipima kipande kwa kipande nikakuta simba ni wa kweli, Mzungu ni wa kweli, na behewa lipo Nairobi hadi leo. Kilichoniponyoka mkononi ni jina. Nalo jina lilipotoka, nikaona tumekuwa tukisimulia habari za stesheni hii kwa kuanzia mahali pasipofaa.

Tuanze na mahali penyewe. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Wajenzi walihesabu njia kwa maili kutoka pwani. Maili ya 250 ikapewa jina la Seyyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, aliyekwenda hadi huko kuitazama kazi. Ndiyo Sultan Hamud ya leo. Kima iko mbele yake kidogo ukielekea Nairobi, katika nchi ya Wakamba ambayo sasa ni kaunti ya Makueni.

Kwa nini stesheni pale, porini, mahali ambapo hapakuwa na mji wala soko? Kwa sababu reli ilikuwa ya njia moja, na treni mbili zinazokutana uso kwa uso lazima moja ipate pa kujibanza. Halafu injini ya mvuke ni kama punda wa safari, haiendi mbali bila kunyweshwa. Ndiyo maana zikajengwa stesheni ndogo ndogo njia nzima, si kwa ajili ya abiria bali kwa ajili ya treni zenyewe. Kila moja ilikuwa na nyumba ya mabati, mashine ya telegrafu, tangi la maji, pampu na mtu wa kuiendesha, mtu wa kugeuza reli, mtu wa taa za ishara, na stesheni masta, mara nyingi Mhindi aliyeletwa na kazi hiyo na asiyemjua mtu yeyote kwa maili nyingi kila upande. Giza likiingia walikuwa hao tu.

Na hao ndio simba wa Kima aliowazoea. Hapa kuna kosa linalorudiwa sana, kwamba Mzungu yule aliuawa na wale simba wawili wa Tsavo. La. Wale wa Tsavo waliuawa Desemba 1898 na mhandisi J. H. Patterson, zaidi ya maili 100 kusini mashariki ya hapa, na mizoga yao iliyojazwa iko katika jumba la makumbusho Chicago. Simba wa Kima ni mwingine, na tabia yake ilikuwa nyingine. Wa Tsavo walivizia mahema ya vibarua. Huyu alivizia stesheni, na Patterson, aliyemfahamu Ryall, yule Mzungu wa behewa, na kuandika habari hizi baadaye, anasema simba huyu hakuchagua: stesheni masta, mtu wa ishara au mtu wa kugeuza reli, kwake wote walikuwa sawa.

Usiku mmoja alipanda juu ya paa na kuanza kuyang'oa mabati. Chini ya mabati hayo alikuwa karani wa Kihindi na mashine yake ya telegrafu. Jiweke mahali pake. Huna bunduki, mlango ukiufungua ni kujitoa, na juu ya kichwa chako bati linalia. Ulicho nacho ni kidole na kitufe. Karani akampigia meneja wa usafirishaji telegramu fupi: simba anapigana na stesheni, leteni msaada haraka. Wazungu waliicheka telegramu ile kwa Kiingereza chake, na imeendelea kuchekwa katika vitabu kwa zaidi ya miaka 100. Mimi naiona ni taarifa safi kabisa: nani, anafanya nini, wapi, na kinachotakiwa. Asubuhi paa lilikutwa na damu. Haikuwa ya karani, ilikuwa ya simba, aliyejikata miguu kwa makali ya mabati.

Usiku mwingine alifanikiwa, akamchukua mwendeshaji wa pampu, na baada yake wengine. Dereva mmoja wa treni akaamua kujificha ndani ya tangi la chuma, akatoboa tundu ubavuni la kupitishia mtutu, akangoja. Simba alikuja, akaliangusha tangi, akaanza kumchokoa kupitia tundu la juu alimoingilia. Kilichomponya dereva ni kina cha tangi, makucha hayakumfikia, na risasi aliyoifyatua ikamfukuza simba.

Simba hufikaje hapo? Si jambo la ushetani, ingawa vibarua wengi waliamini hivyo. Sotoka ya miaka ya mwanzo ya 1890 ilikuwa imefagia ng'ombe, nyati na wanyama wengine wa jamii hiyo katika Afrika Mashariki. Kisha mvua zikakosa, na kuanzia 1897 hadi karibu 1900 Ukambani ikaingia katika njaa ambayo Wakamba waliipa jina Ngomanisye, ndui nayo ikifuata nyuma. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula, na wengi hawakupata wa kuwazika. Simba aliyekosa mawindo yake ya kawaida akakuta nyama ya binadamu imetandazwa porini, halafu mwishoni mwa njia akakuta nyumba ya bati yenye watu wanne wasio na silaha. Siwezi kuthibitisha alikofunzwa simba huyu mmoja, lakini ukiviweka vitu hivyo vitatu pamoja hutauliza tena kwa nini simba walizidi miaka ile.

Ndipo tunafika kwa Charles Henry Ryall, mkuu wa polisi wa reli. Mapema Juni 1900 alikuwa safarini kutoka Makindu kwenda Nairobi katika behewa lake la ukaguzi, pamoja na Mjerumani Huebner na Mtaliano Parenti. Walipofika Kima wakaambiwa simba ameonekana muda mfupi uliopita karibu na reli. Ryall akaamua walale hapo wamvizie. Behewa likafunguliwa kutoka kwenye treni na kusukumwa kwenye njia ya pembeni, jirani na stesheni.

Njia hiyo ya pembeni ndiyo kitu cha kwanza ningekitazama kama ningekuwa mchunguzi. Reli ilikuwa bado haijamalizika. Wakubwa walitaka kufika ziwani haraka, kwa hiyo njia ziliwekwa ili treni ipite, na kunyooshwa kukaachwa kwa baadaye. Pale Kima njia ya pembeni haikuwa sawa, na behewa likasimama limeinama upande mmoja. Kwa mtu anayelala ndani ni usumbufu mdogo tu, mto unateleza basi.

Alasiri walimtafuta simba wasione hata unyayo. Wakarudi, wakala, wakakesha kwa muda wote watatu. Nje gizani waliona vinuru viwili vikali vilivyotulia, wakavidhania ni vimulimuli. Kimulimuli huwaka na kuzima, hutembea. Vile havikuzima wala havikutembea. Baadaye ilieleweka kwamba walikuwa wakitazamana na simba, naye akiwatazama wao, muda wote ule.

Ryall akawaambia wenzake walale, zamu ya kwanza ataishika yeye. Huebner akapanda kitanda cha juu. Cha chini, upande wa pili, Ryall alimpa Parenti, lakini Parenti akasema sakafuni panamtosha, akajinyoosha miguu ikielekea mlangoni. Hivyo kitanda cha chini kikabaki kitupu, na mlinzi akiwa pembeni yake. Unajua mwenyewe kitanda kitupu kinavyomwita mtu aliyechoka. Ryall akaona simba haji tena, akajilaza kidogo, usingizi ukamchukua.

Mlango wa behewa ulikuwa wa kusukuma pembeni, wenye magurudumu yanayoteleza juu ya ukanda wa shaba, laini kama droo mpya. Huenda haukufungwa sawasawa. Simba alipanda ngazi mbili ndefu bila kishindo, akaingiza ukucha, akausogeza, akaingia. Sasa uzito wake ukaongezeka upande ule ule ambao behewa lilikuwa limeinamia, na mlango ukateleza wenyewe nyuma yake, ukajifunga na kitasa chake kikashika. Wakabaki wanne katika chumba kimoja, watatu wamelala.

Alimrukia Ryall. Ili kumfikia alimkanyaga Parenti kwa miguu ya nyuma, akamshikia pale sakafuni. Huebner aliamshwa na ukelele, akatazama chini akaona mgongo wa simba umejaa nafasi yote chini ya kitanda chake. Mlango wa pekee wa kutokea ulikuwa ule wa chumba cha watumishi, na njia ya kuufikia ilipita juu ya simba. Akamrukia mgongoni, akaufikia mlango, akakuta umeshikiliwa kwa nguvu kutoka upande wa pili. Watumishi walikuwa wamesikia. Akauvuta mpaka akapata upenyo, akapenya, nao wakaufunga tena nyuma yake kwa vilemba vyao. Sentensi hiyo ya vilemba huwa haifiki katika hadithi ya sambusa, nami ndiyo ninayoiona waziwazi kuliko zote: wanaume gizani wakivua vilemba na kufunga mafundo, mikono ikitetemeka, huku upande wa pili wa mbao bosi wao anamalizwa. Wapo wanaowalaumu. Sijui wangefanya nini kingine, hawakuwa wamepewa bunduki.

Kisha kishindo, behewa likayumba, na simba akatoka kwa kuvunja dirisha akiwa na Ryall mdomoni. Parenti alipoona ameachiwa akaruka dirisha la upande wa pili na kukimbilia stesheni. Mwili ulipatikana asubuhi kichakani, kama robo maili kutoka hapo, ukapelekwa Nairobi kuzikwa. Ilikuwa tarehe 6 Juni. Muda si mrefu baadaye simba alinaswa kwa mtego uliobuniwa na mfanyakazi mmoja wa reli. Wakamweka siku kadhaa watu wamtazame, halafu wakampiga risasi.

Watu hupenda kusema Ryall aliponzwa na usingizi. Ni kweli, na ni rahisi. Lakini aliyeamua kulala ndani ya chambo ni yeye yeye, na alipanga ulinzi wa mtu mmoja mmoja dhidi ya mnyama ambaye stesheni nzima ilijua anakuja usiku na haogopi chuma. Karani alikwisha kutoa taarifa. Mwendeshaji pampu alikwisha kuliwa. Dereva wa kwenye tangi alikwisha kuonyesha kwamba ukimvizia huyu, anayeviziwa ni wewe. Ujuzi wote ulikuwapo pale Kima, kwa watu wa vyeo vya chini, na nadhani kama wangeulizwa wangesema funga madirisha, funga mlango kwa kamba, lala juu. Vilemba vile vilikuwa kitasa kizuri kuliko cha shaba.

Baada ya hapo angalia nani alibaki na jina. Ryall ana kaburi Nairobi lenye jiwe linaloeleza alivyokufa na wapi. Huebner na Parenti wameandikwa. Behewa limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na wageni hupanda kulitazama. Mwendeshaji wa pampu hana jina. Waliofuata baada yake hawana jina. Karani wa telegramu, ambaye maneno yake yamenukuliwa mara nyingi kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi Kima, anaitwa tu karani. Katika ujenzi wa reli ile waliletwa kutoka India vibarua karibu 32,000, na karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa maradhi na si kwa simba.

Stesheni yenyewe iliendelea na kazi, na maisha yake ya baadaye hayana kishindo. Ilibadilisha mabwana: Reli ya Uganda, kisha shirika la Kenya na Uganda, kisha la Afrika Mashariki kuanzia 1948, na jumuiya ilipovunjika 1977, Shirika la Reli la Kenya. Kilichoidhoofisha kilianza na injini za dizeli. Injini isiyokunywa maji haina haja ya kusimama kwenye tangi, na stesheni iliyozaliwa kwa sababu ya tangi hupoteza nusu ya kazi yake siku hiyo. Nusu nyingine, kupishana kwa treni, ilipungua kadiri treni zilivyopungua. Barabara ya lami ilipokamilika mtu wa Kima hakuwa tena na sababu ya kungoja gari la moshi. Treni ya abiria ya miaka ya mwisho iliondoka Nairobi jioni, kwa hiyo ilipita hapa gizani, abiria wakiwa mezani au wameshalala. Watu wengi walipita Kima maisha yao yote bila kuiona.

Mwaka 2017 treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa ilihamia kwenye reli mpya ya SGR. Vituo vya kati vilivyopangwa ni Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Kima haimo. Sultan Hamud haimo. Mantiki ni ile ile ya 1899 iliyopinduliwa: zamani treni ilihitaji stesheni nyingi, sasa inahitaji chache, na watu waliokuja kuishi pembeni ya stesheni hawakuwa sehemu ya hesabu mara zote mbili.

Sasa jina. Nilianza kushuku kwa sababu ya Patterson mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi India na alikijua Kihindustani vizuri. Kima ya nyama ni neno la Kihindi, ndilo lililoingia Kiswahili chetu. Kama stesheni ingekuwa imepewa jina kwa mzaha huo, mtu kama yeye, anayependa kisa kizuri, asingeuacha bila kuutaja. Hautaji. Anaandika Kimaa, kwa a mbili, na anaiita hivyo hata anapoeleza mashambulio yaliyotangulia kifo cha Ryall. Pili, stesheni yenye telegrafu lazima iwe na jina kabla ya kupiga telegramu ya kwanza. Tatu, hakuna aliyesagwa, mwili ulibebwa na kupatikana. Nne, na hili kwangu ni zito, jiwe la kaburi linasema Kima. Familia iliyofiwa haichongi mzaha wa bucha juu ya mtoto wake.

Wengine husema ni kima, yule nyani mdogo. Pia sidhani. Hii ni nchi ya Wakamba, na stesheni haziko mbali na milima iliyokuwa na majina kabla ya mataruma. Kikamba humeza l ambayo Kiswahili huitamka: sisi tunalima, wao ni kuima. Chukua kilima, toa l, unapata kiima, yenye irabu ndefu, na ndilo neno la Kikamba la mlima. Sasa tazama stesheni nyingine ya jirani katika reli hiyo hiyo: Kiu. Kwa Mswahili ni ukavu wa koo, na nimeshasikia watu wakieleza kwamba vibarua walikosa maji hapo. Kwa Kikamba -iu ni -eusi. Ziweke mbili pamoja, Kiima Kiu, kilima cheusi. Hakuna simba, hakuna kiu. Ni hitimisho langu mwenyewe, lakini nimeshindwa kulivunja. Makarani wa reli walisikia jina moja la mahali pamoja, wakalikata vipande viwili ili lienee vibao viwili, na irabu ndefu ikapotelea njiani. Patterson aliisikia, akaiweka upande usio wake.

Kwenye karatasi za kura za eneo bunge la Kilome wadi hiyo bado imeandikwa Kiima Kiu/Kalanzoni, irabu zote mbili zikiwa mahali pake. Juzi nilipita tena na jamaa mmoja wa Mombasa, akaniuliza mwenyewe kwa nini panaitwa Kima. Nikaanza na kilima. Kabla sijafika kwenye l akanikatiza: si kuna kile cha Mzungu na sambusa?